Lori la Ukutani kwa Wakwe

Mlangoni, kabla hawajatoka, mkewe alinyoosha kiganja kama askari wa zamu anayedai kitambulisho.

"Lete."

"Nilete nini?"

"Unajua nini. Lete."

Mzee Orijino alijitia hamnazo. Akajipapasa suruali, akatoa leso, akaikunjua, akairudisha. Kiganja kilikuwa pale pale. Mwishowe akatumbukiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akatoa lenzi ndogo nyeusi, ile wanayobana jichoni mafundi saa. Mama watoto akaitia mkobani, akavuta zipu.

"Ulimi siwezi kuutia humu," alisema. "Huo nakuachia mwenyewe. Lakini nikisikia neno 'orijino' leo, baba watoto, yaani nikisikia hata 'ori' tu, utarudi nyumbani kwa miguu."

"Na nikiulizwa?"

"Ukiulizwa, jibu 'zuri'. Lori zuri, nyumba nzuri, chai nzuri. Neno hilo halijawahi kumuua mtu."

Binti yao mpima ardhi alikuwa ameshaingia kwenye teksi. Alimtazama tu babake kupitia dirishani, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko mkoba wa mamake.

Tuseme ukweli, walikuwa na haki ya kumwogopa. Kwa miaka thelathini na minane Mzee Orijino alikuwa mtunza stoo wa vipuri katika karakana ya magari ya jeshi. Yeye hakuwa askari. Hakuwahi kushika bunduki na gwaride lilimchosha hata kulitazama. Lakini malori ya kale ya kijeshi aliyajua kama mtu anavyowajua shangazi zake, kwa tabia na kwa kasoro. Alijua lori lipi lilitoka kiwandani na nati sita kwenye gurudumu na lipi lilitoka na nane, lipi lilifungwa madigadi kwa ribiti na lipi kwa skrubu. Chochote kilichoongezwa baadaye na fundi yeyote, hata kwa nia njema, kilimuuma rohoni. "Si orijino," alikuwa akisema, na alilisema kwa sauti ya daktari anayeleta matokeo mabaya. Watu wakampa jina hilo hilo, wala si kwa kumsifu.

Alipostaafu, stoo ilibaki kazini na yeye akarudi nyumbani bila stoo. Akahamia kwenye picha. Alinunua albamu za watu asiowajua, akakata magazeti yaliyofungia sabuni dukani, akajaza maboksi manne chini ya kitanda. Ilimradi picha iwe ya zamani na ndani yake pawe na lori la jeshi, hata kipande cha lori. Watu waliomo walikuwa kero tu. Bwana harusi akitokea amesimama mbele ya bampa, Mzee Orijino humlaumu kwa dhati: huyu naye, kati ya mahali pote duniani, amekuja kuziba tundu za kulabu.

Hayo yote yangevumilika kama angebaki nayo chumbani. Tatizo ni kwamba mwaka juzi binti yake alipata mchumba, kijana mzuri wa kampuni ya bima, na babake kijana alikuwa na gari la kale la jeshi, aina ya jipu, alilolitengeneza kwa mikono yake miaka kumi na moja. Siku ya kutambulishana akalitoa uani limeng'arishwa, wageni wakapiga makofi. Mzee Orijino akachutama pembeni yake dakika kumi. Alipoinuka, akajipangusa magoti na kutangaza: "Gari hili ni ndugu watatu wa baba tofauti." Kijana wa bima hakupiga simu tena.

Huyu wa sasa alikuwa mfamasia. Binti alimpenda waziwazi, bila kujificha, na alikuwa amemwambia babake usiku wa jana yake, jikoni, akiwa amemshika mkono wa shati: "Baba, huyu sitaki kumpoteza. Na kwao neno la mwisho ni la bibi yake. Bibi akisema hapana, hata babake hana la kusema. Nakuomba." Mzee Orijino aliapa. Aliapa kwa moyo mmoja, maana alimpenda binti yake kuliko malori yote, ingawa hakuwahi kupata njia ya kulisema hilo bila kutaja lori.

Walipokewa vizuri. Sebule ilikuwa ya watu nadhifu: viti vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, kabati la vitabu lenye vioo, zulia lililofagiliwa nyuzi zote zikalala upande mmoja. Babake mfamasia alikuwa mwalimu mkuu, mtu mrefu mwenye sauti iliyozoea kufika madawati ya nyuma, na alimketisha kila mgeni kwa kumshika bega kama anayepanga watoto kwa kimo. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, blanketi magotini, mwembamba, mkimya, macho makali. Mzee Orijino alimwendea kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamshikilia mkono kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akimchunguza. "Kumbe ndiye wewe."

Hakujua maana yake nini, na hakupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ameshamshika bega na kumketisha. Akamketisha kwenye kiti kinachotazama ukuta. Na ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, chini ya kitaa kidogo cha umeme kilichowekwa makusudi, palikuwa na picha ya zamani ya lori la jeshi.

Mama watoto aliiona sekunde hiyo hiyo. Kisigino cha kiatu chake kikatua juu ya vidole vya mumewe, hakijabonyeza bado, kilitoa taarifa tu.

Mzee Orijino alitazama dari. "Dari yenu nzuri," alisema.

"Ahsante," alisema mwalimu mkuu, akatazama juu naye, kwa mshangao kidogo.

Chai ikaja. Biskuti zikaja. Habari za kazi zikaulizwa pande zote. Lakini macho ni viungo vya ajabu, hayaapi pamoja na mwenyewe. Yalirudi ukutani kidogo kidogo, yakipitia kabati la vitabu, saa, pembe ya fremu, na kabla hajafika nusu ya kikombe Mzee Orijino alikuwa ameshaingia ndani ya picha mzima mzima.

Na ilikuwa picha nzuri, jamani! Kali, safi, ya mpiga picha anayejua kazi yake. Kioo cha mbele cha vipande viwili, kila kimoja na waipa yake inayoning'inia kutoka juu: cha kiwandani. Shoo ya mbele yenye fito tisa, hakuna uliopinda: ya kiwandani. Taa ya kushoto ilikuwa na kofia ya kuficha mwanga na ya kulia haikuwa nayo. Wajinga wangesema ile ya kulia imeibwa, lakini yeye alijua malori yale yalitoka kiwandani hivyo hivyo, na ribiti zile nne za kofia alizihesabu bila lenzi. Moyo ukamwenda mbio kwa raha. Akashuka kwenye bampa, akapanda mlangoni, akasogea nyuma ya mlango.

Pale raha ikamwishia. Nyuma kidogo ya mlango, karibu na ukingo wa picha, mahali ambapo kiwanda kiliacha bati tupu, palichomoza mkono wa chuma uliopindwa mfano wa kombe la kukingia maji. Haukuwa wa kiwandani. Ulikuwa umechomelewa, na mshono wake ulilala upande wa kushoto.

Mzee Orijino aliujua mshono ule. Ulikuwa wa fundi wa kuchomelea wa karakana yao, mashoto, ambaye kila alichounga kililala upande huo. Na mkono ule wa chuma fundi aliutengeneza mmoja tu maisha yake yote, kwa lori moja tu, baada ya mpira mnene wa lori hilo kuburuzika barabarani na kupasuka mbele ya bwalo la maofisa. Tukio lile halikuandikwa popote ila lilinuka wiki nzima. Kwa maana lori lenyewe lilikuwa ndilo la kunyonya vyoo vya kambi. Mzee Orijino alilikuta alipoajiriwa, limezeeka, na kipuri cha kwanza alichowahi kutoa stoo kilikuwa fenibelti yake. Lori lile halikuwahi kutoka nje ya mji. Giaboksi yake haikuweza hata kilima cha hospitali.

Na mtu aliyeliegemea, kijana aliyevaa sare, alikuwa amechomeka kwenye mkanda glavu za mpira zinazofika kwenye kiwiko.

"Naona mkwe umemwona mzee wetu," alisema mwalimu mkuu.

Kisigino kikabonyeza.

"Nzuri," alisema Mzee Orijino. "Picha nzuri."

"Huyo ndiye baba yangu mzazi." Mwalimu mkuu alisimama, maana hadithi ile hakuwahi kuisimulia akiwa ameketi. "Siku tatu, mkwe. Siku tatu tu baada ya kumwoa mama huyu, alipelekwa mpakani. Vita imepamba moto. Akapewa lori hilo hilo unaloliona, jipya kabisa, linatoa harufu ya kiwanda."

Mzee Orijino alipaliwa na chai. Binti yake akampiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Miaka miwili!" aliendelea mwalimu mkuu. "Miaka miwili anabeba risasi na mabomu kwenye milima, usiku, bila taa. Hizo glavu unaziona? Baridi ya kule juu, mkwe, inakata vidole. Wenzake walipoteza vidole. Yeye alivaa glavu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kila tunapofungua muhula: maandalizi! Watazameni mashujaa, walivaa glavu!"

"Naam," alisema Mzee Orijino kwa sauti nyembamba. "Baridi ni kitu kibaya."

Jasho lilikuwa likimtiririka ndani ya kola. Hakuwahi maishani kukaa na kasoro machoni pake bila kuitaja. Ilikuwa kama kukaa na chafya. Alimtazama binti yake, naye binti akamrudishia jicho la shukrani, jicho laini ambalo hakuwa amelipata tangu enzi za jipu. Akapiga moyo konde. Akaomba biskuti ya pili, akaijaza yote mdomoni, ili pasiwe na nafasi ya kitu kingine.

Ndipo bibi akazungumza kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe si ndiye yule wa jipu?"

Kila kijiko kikatulia. Mfamasia akatazama viatu vyake. Mama watoto akafumba macho, akayafumbua.

"Yalikuwa mazungumzo tu, mama," alisema Mzee Orijino, biskuti ikimtoka pembeni mwa mdomo.

"Nimesikia ulimwambia mwenye mali usoni, mbele ya wageni wake. 'Ndugu watatu wa baba tofauti.' Habari hiyo imefika mpaka hapa." Alinyoosha kidole chembamba kuelekea ukutani. "Haya, nitazamie na hilo. Ni lori gani, na lilikuwa likifanya kazi gani?"

Mzee Orijino alimtazama mkewe. Kisigino kilikuwa kimemfika mfupani. Alimtazama binti yake. Akameza biskuti.

"Ni lori la vita, mama," alisema. "La kubebea risasi. Orijino. Kuanzia bampa mpaka nyuma, kila kitu ni cha kiwandani."

Neno limetoka, na mama watoto alilisamehe, maana lilitoka kwa kazi nzuri. Mwalimu mkuu alipiga makofi mara moja. "Mnasikia? Mtaalamu huyo!" Lakini Mzee Orijino mwenyewe aliisogeza sahani ya biskuti mbali naye. Katika umri wake wa miaka sitini na sita hajawahi kupitisha kipuri bandia, leo amepitisha lori zima.

Bibi aliweka kikombe chake kwenye sahani polepole.

"Kumbe na wewe ni walewale," alisema.

"Mama?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Picha hiyo nimewaonyesha makanika wangapi? Wote: 'Lori zuri, bibi.' Askari wastaafu: 'Lori zuri, mama.' Mjukuu wangu aliponiambia anataka kuoa kwa mzee mmoja asiyejua kunyamaza, mtu aliyeharibu posa ya binti yake mwenyewe kwa ajili ya ukweli wa gari, mimi nikasema, waleteni hao, waje upesi. Nilidhani kabla sijafa nimepata mtu." Akavuta blanketi magotini. "Waongo wazuri tunao wa kutosha humu ndani. Mjukuu wangu, suala lako nitalifikiria."

Rangi ilimtoka mfamasia. Katika nyumba ile kila mtu alijua maana ya neno hilo. Jambo la mwisho ambalo bibi alisema atalifikiria lilikuwa kununua friji, miaka kumi na tano iliyopita, na maziwa yao bado yalichemshwa kila asubuhi.

Binti mpima ardhi aliinamisha kichwa. Hakulia, lakini alianza kukunja kitambaa cha mezani, pembe kwa pembe, kwa uangalifu mkubwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni akikatazwa kulia. Babake alikiona kitambaa kile na kitu kikamchana ndani. Alikuwa amempotezea mchumba kwa kusema, na sasa anampotezea mwingine kwa kunyamaza.

Kisigino kiliondoka juu ya vidole vyake. "Sema," alinong'ona mama watoto. "Sema yote, baba watoto. Sema kama ulivyozoea."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alisimama, akaenda ukutani.

"Mama, nimekudanganya. Naomba radhi. Hiki kioo ni cha kiwandani. Shoo hii ni ya kiwandani. Taa hii yenye kofia, wengi hudhani..."

"Baba," alisema binti yake.

"Ndiyo. Huu mkono wa chuma hapa." Akaweka kidole. "Huu si wa kiwandani. Umechomelewa kwenye karakana yetu, hapa hapa mjini, na fundi niliyemjua. Lori lenye mkono huu lilikuwa moja tu. Halikwenda mpakani. Halikwenda popote. Tangu siku liliyoletwa mpaka siku liliyokatwa vyuma, halikuwahi kulala nje ya mji huu."

Mwalimu mkuu alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, kidole kimoja hewani.

"Unasema baba yangu," alianza, "miaka ile miwili, alikuwa hapa? Mjini?"

"Nilijua," alisema bibi.

Wote wakamgeukia.

"Nilikuwa bibi harusi, sikuwa mjinga. Nikiandika barua ya kwenda mpakani, majibu yanarudi baada ya siku mbili. Nikasema labda posta ya jeshi ina mbio. Akija likizo ananukia sabuni ya waridi mpaka kwenye nywele. Mwanamume anatoka vitani, ananukia waridi! Mwezi wa tano nikafunga kifurushi cha soksi, nikakipeleka langoni kambini, wamtumie huko mpakani. Askari wa lango akasoma jina, akacheka. Akaniambia, 'Huyu? Hayupo sasa hivi, mama. Ametoka na Marashi. Rudi saa kumi.'"

"Mama, hukuwahi kuniambia haya," alisema mwalimu mkuu.

"Ningekwambia nini? Wiki ya pili nikarudi. Askari mwingine. Akaniambia, 'Yuko nyuma kule, anamwogesha Marashi.'" Miaka hamsini na sita haikuwa imempoza hata kidogo. "Anamwogesha! Wakacheka wote pale langoni. Nikaondoka na soksi zangu. Sikumuuliza, nikazaa naye, nikazeeka naye. Na kila siku, nikimtazama anakula, nasema moyoni: huyu alimwogesha Marashi." Akamgeukia Mzee Orijino. "Wewe ulikuwa karakana. Umesema kweli moja, nimalizie na ya pili. Huyo mwanamke alikuwa nani? Alikuwa mzuri?"

Mzee Orijino alifungua mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika, akajikaza, akaziba mdomo kwa leso, haikufaa kitu. Alicheka. Alicheka mpaka akashika kabati la vitabu, machozi yakimtiririka, na mama watoto akaomba ardhi ipasuke immeze yeye na mkoba wake.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "Marashi si huyu hapa?"

"Yupi?"

"Huyu." Kidole kilikuwa juu ya boneti.

Bibi alikaza macho. "Amejificha nyuma ya lori?"

"Ndiye lori, mama! Marashi ndilo jina walilolipa lori. Mpaka naajiriwa mimi walikuwa wakiliita hivyo, hata kwenye kadi za stoo liliandikwa hivyo. Lilikuwa lori la kunyonya vyoo vya kambi. Huu mkono ulikuwa wa kubebea mpira wa kunyonyea. Kila jioni dereva ilibidi alioshe, ndani na nje, ndiyo maana walikuambia anamwogesha. Na sabuni ya waridi ilikuwa haki ya dereva, vipande viwili kwa wiki. Wengine walipewa ya kawaida, lakini ya kawaida haikutosha. Aliyefuata baada ya mumeo nilikuwa namgawia mimi kwa mkono wangu."

"Hakuna mwanamke?"

"Mwanamke gani? Kwenye lori lile hata mbwa hakuwahi kupanda."

Mwalimu mkuu aliketi. Hakuketi kwenye kiti chake, aliketi kwenye kile kilichokuwa karibu, juu ya mkoba wa mama watoto. "Glavu," alisema kwa sauti ndogo. "Kila muhula. Watoto mia tisa. Nimewaambia watazame glavu." Mfamasia alikuwa amejificha nyuma ya sinia la biskuti na sinia lilikuwa likitikisika.

"Huyo Marashi nimemwombea meno yang'oke," alisema bibi polepole. "Moja moja. Miaka yote hii."

"Aling'oka injini," alisema Mzee Orijino. "Mwaka wa pili tangu niajiriwe."

"Basi maombi yalipokelewa." Kitu kilikuwa kikimpita usoni mwake, hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio, na pengine hata yeye hakujua. Mwalimu mkuu akainama karibu naye.

"Mama, naomba jambo hili liishie humu humu ndani."

"Wewe nyamaza. Watoto waoane." Alisema hivyo bila hata kuwatazama, kama mtu anayefukuza nzi. "Mtanieleza mwezi gani. Mzee huyu sitaki aguswe wala anyamazishwe, na wewe mwalimu usimkalie mama wa watu mkoba wake. Niteremshieni picha."

Mfamasia akaiteremsha, akamwekea magotini, juu ya blanketi. Mzee Orijino alisogea naye, kwa mazoea tu, kuona ribiti kwa karibu. Ila safari hii jicho lake lilikwama kwa mtu. Alikuwa kijana mdogo mno, hana hata ndevu, kidevu kimeinuliwa juu. Na sasa akaona namna alivyosimama. Bega moja kalisukuma nyuma, mkono kaunyoosha na kuutandaza ubavuni mwa lori, pale pale tangi linapoanzia. Mkao ule haukuwa wa kuegemea. Alikuwa ameziba. Aliziba kila alichoweza kuziba kwa mwili mmoja, na kile kipande cha chuma kilichobaki hakukijua kama kinaonekana. Kwa mara ya kwanza Mzee Orijino hakumlaumu mtu kwa kusimama mbele ya gari. Alirudi kitini kimya kimya.

"Alipokuwa anakata roho," alisema bibi, "nilimuuliza. Nikasema, wewe unaondoka, niambie tu, Marashi ni nani? Akageuzia uso ukutani. Nikajua basi, anampenda mpaka leo. Kumbe aliona haya. Aliona heri nimdhanie mhuni."

Alishika upindo wa nguo yake, akapangusa kioo cha fremu, akaanzia kwenye lori, akamalizia kwenye uso wa kijana. Pale alikaa muda, akizungusha kidole.

"Mjinga wewe," akamwambia. "Si ungesema tu. Ningekufulia."